Miaka 19 akifua mashuka ya upasuaji, sasa zamu yake kulazwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mlango wa nyuma wa hospitali unafunguliwa na toroli la kwanza linaingia chumba cha kufulia. Mwanamke mfupi mwenye aproni ya mpira na buti nyeupe analisubiri kando ya sinki la zege. Anavaa glovu, anafungua bomba, kisha anainua shuka la kijani ambalo jana mchana lilikuwa chini ya mtu aliyelazwa usingizi wa dawa.

Damu imekaukia katikati ya shuka hilo, doa pana kama sinia. Analiloweka, anasubiri, analifikicha kwa ncha za vidole, analisuuza na kuliinua kwenye mwanga wa dirisha. Doa bado lipo. Anarudia. Mara ya tatu shuka linatoka safi, naye anaguna kidogo, mguno wa mtu aliyeshinda kesi ndogo.

Kazini wanamwita Maji Baridi. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza, alipomjia juu msimamizi aliyetaka damu ifuliwe kwa maji ya moto. "Maji ya moto yanaipika damu, inashika kwenye uzi, hapo hata ufue mpaka kesho," anasema. Msimamizi huyo alikwisha kustaafu, ila jina halikustaafu naye.

Ana umri wa miaka arobaini na saba, watoto watatu, mume fundi baiskeli, na miaka kumi na tisa ya kufua nguo za chumba cha upasuaji. Tangu mwaka jana ana pia mawe kwenye kifuko cha nyongo, na hayo ndiyo yaliyomnyima raha.

Yalijitambulisha nyumbani kwa wifi yake, baada ya sahani ya mayai ya kukaanga. Maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani, na hayakumwachia kwa saa tatu. Wifi yake, kama mawifi wote duniani, hakuiacha nafasi ipite. Alimuuliza inakuwaje mayai yaliyoliwa na watu kumi yamkatae yeye peke yake.

Maumivu yaliporudi mara ya tatu hakuna aliyetania tena. Kwa mwaka mzima yamemkamata mara tisa na kumlaza nyumbani siku ishirini na tatu. Huyu ni mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa hajakosa kazi hata siku ya harusi ya mdogo wake; alifua asubuhi, akaenda kucheza ngoma jioni.

Picha ya ultrasaundi ilionyesha mawe saba. Kubwa kuliko yote lilikuwa la milimita nane, kama punje ya mbaazi. Daktari, mama mmoja mpole anayezungumza polepole, alimwekea njia mbili mezani.

Ya kwanza ilikuwa vidonge vya kila siku, kwa mwaka mmoja au miwili. Vidonge hivyo huyeyusha mawe madogo ya aina fulani, si ya kila mgonjwa, na hata yakiisha, kwa karibu nusu ya watu hurudi baada ya miaka. Ya pili ilikuwa upasuaji wa matundu manne madogo, kifuko kitolewe chote, na mtu aendelee na maisha bila hicho kifuko. Daktari hakumficha hatari zake: damu kuvuja, mrija wa nyongo kuumia, na mara chache kulazimika kuacha matundu na kupasua kwa mkato mrefu.

Kuhusu pesa, bima ya wafanyakazi inagharamia njia zote mbili, kwa hiyo anayetaka kulaumu umaskini katika habari hii hana pa kushika. Kilichomzuia Maji Baridi kilikuwa woga, na woga wake ulikuwa na sababu.

Alichagua vidonge kabla daktari hajamaliza sentensi.

"Daktari ananiambia matundu madogo, mtu anarudi nyumbani kesho yake," anakumbuka. "Mimi nasema moyoni, wewe unamwona mtu, mimi ninaliona shuka. Nimefua damu miaka yote hii. Nani wa kunidanganya mimi kuhusu upasuaji?"

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema kwa daktari. Shuka hufika kwake bila mwenyewe. Hajui nani alipona na nani hakupona, na kwa miaka yote alikuwa akijijibu mwenyewe. Likija zito kwa damu, humwombea marehemu kimoyomoyo.

Alimeza vidonge miezi saba bila kuruka siku hata moja. Picha ya pili ilipopigwa, lile la milimita nane lilikuwa limefika sita. Alifurahi mpaka akamkumbatia mpiga picha, ambaye hakuwa amezoea kukumbatiwa.

Lakini ndani ya miezi hiyo hiyo maumivu yalikuwa yamemrudia mara tatu, na mara ya mwisho yalimwangusha hapo hapo sakafuni mwa chumba cha kufulia. Mumewe aliitwa, akaja mbio na baiskeli ya mteja, mikono imejaa grisi. Alimkuta mkewe amejikunja pembeni ya sinki.

Daktari alimweleza tena bila kumtisha. Dawa inafanya kazi, alisema, ila inakwenda mwendo wa kobe, na kila maumivu yanapokuja kuna hatari jiwe likakwama kwenye mrija. Likikwama, hapatakuwa na kuchagua tena. Ataingia chumba cha upasuaji kwa dharura. Akampa mwezi mmoja wa kufikiri.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Wifi alikuwa upande wa vidonge. "Mwili si begi, wifi yangu, useme unafungua zipu halafu unafunga," alimwambia. Binti mkubwa alikuwa upande wa upasuaji. Mume alisema uamuzi ni wa mwenye tumbo, ila akaongeza neno moja: "Ukiumwa wewe, mama, humu ndani tunaumwa wote."

Hapo ndipo anapoingia mtu wa pili wa habari hii. Kazini wanamwita Mchambuzi, kwa sababu kazi yake ni kuchambua nguo chafu, na kwa sababu hakuna mechi ya mpira asiyojua matokeo yake kabla haijachezwa. Mifuko yote kutoka chumba cha upasuaji hupitia mezani kwake kwanza. Yenye uchafu mdogo huitia kwenye mashine. Yenye damu nyingi huipeleka kwenye sinki, kwa Maji Baridi, kwa kuwa hakuna mikono mingine inayoweza kuitoa damu hiyo, na ndivyo mwenyewe alivyoomba tangu mwanzo, aletewe hizo tu.

Mwezi ule wa kufikiri, Mchambuzi alichukua likizo ya siku kumi akamwoze binti yake. Maji Baridi akapangiwa kushika meza ya kuchambulia na sinki kwa pamoja. Alilalamika kidogo, akajikaza kisabuni, akaanza.

Siku ya pili alifungua mfuko wenye karatasi iliyoandikwa aina ya upasuaji, kama inavyoandikwa kwenye mifuko yote ili nguo zihesabiwe. Ilisomeka: kifuko cha nyongo. Alikunjua shuka la kwanza, hakuona kitu. La pili, hakuona kitu. Kwenye la tatu aliona vidoa vinne vya damu, vidogo, kama vya mtu aliyejikata akipunguza kucha.

Alidhani wamekosea mfuko. Akapiga simu chumba cha upasuaji, akamuuliza muuguzi nguo nyingine za mgonjwa huyo ziko wapi. Muuguzi akamjibu kwamba hakuna nyingine, hizo ndizo zote.

"Nilikaa chini," anasema. "Kwanza nilifurahi. Halafu nikapata hasira, na sikujua namkasirikia nani."

Kwa siku zile kumi aliitazama kila karatasi. Mifuko ya kifuko cha nyongo ilikuwa kumi na mmoja. Kumi kati yake ilikuwa ya kwenda moja kwa moja kwenye mashine, mifuko ambayo mkono wake usingeigusa maisha yake yote. Macho hayana pazia, lakini yake yalikuwa yamewekewa meza mbele, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameomba iwekwe.

Mfuko wa kumi na moja ulifika siku ya nane, nao ulikuwa mzito. Aliufungua akaona damu aliyoizoea. Woga wote ukamrudia kwa mkupuo. Alifua mashuka yale polepole kuliko kawaida, akaomba ile dua yake, na jioni alimwambia mumewe kwamba anabaki na vidonge vyake.

Kesho yake, hata hivyo, alivua aproni wakati wa chai akaenda kumuuliza daktari. Hakuuliza jina la mgonjwa na daktari asingelitaja. Aliuliza tu inakuwaje kumi iwe myeupe na mmoja uwe vile. Daktari alimjibu kwamba mambo kama hayo huwapata zaidi wanaochelewa. Kifuko kikishambuliwa mara nyingi huvimba na kugandamana na viungo jirani, na matundu madogo hayatoshi tena.

"Mgonjwa mwenyewe je?" aliuliza.

"Anakula uji," daktari alimjibu. "Keshokutwa ataenda nyumbani."

Maji Baridi anasema jibu hilo lilimtoa machozi palepale ofisini, mbele ya foleni ya wagonjwa. Alimlilia mtu asiyemjua, ambaye yeye alikuwa amekwisha kumwombea kama marehemu huku mwenyewe anakunywa uji. Kisha akawafikiria wote wa nyuma, miaka kumi na tisa ya mashuka mazito, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ni wangapi kati yao wako majumbani mwao wanagombana na watoto.

Kwa hiyo mfuko ule uliokaribia kumbakiza kwenye vidonge ndio uliomwamulia. Alimwambia daktari palepale ampangie siku. Daktari, kwa uaminifu, alimkumbusha kwamba mifuko kumi na mmoja si utafiti, na kwamba hata upasuaji mwepesi haukosi hatari. Alimjibu kwamba anajua, na kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mchambuzi aliporudi kutoka harusini alikuta anasubiriwa.

"Kaka, miaka kumi na tisa unaniletea mabaya tu?" Maji Baridi alimuuliza.

"Mazuri ningekuletea ya nini, dada?" Mchambuzi alijibu, ameduwaa kwelikweli. "Ungeyafanya nini?"

Walitazamana, wakacheka, na Mchambuzi akatoa picha za harusi.

Nyumbani, mume alipopewa habari aliendelea kunyoosha spoku za gurudumu alilokuwa nalo mapajani, kwa muda mrefu kuliko gurudumu lilivyohitaji. Mwishowe aliuliza kama hospitali inamruhusu mtu kulala kwenye benchi la nje. Wifi naye, baada ya kunung'unika siku mbili, ameahidi kuhamia kwao wiki mbili za kwanza ili dada wa watu asishike ndoo. Ametangaza mapema kwamba mayai yatachemshwa.

Siku iliyopangwa ni Jumatano hii, saa mbili asubuhi. Akipona vizuri, ataanza na kazi nyepesi baada ya wiki chache, bila kuinua mfuko wowote. Ameomba pia jambo moja kwa msimamizi: kila mfuaji mpya aanzie kwenye meza ya kuchambulia mwezi mzima kabla ya kupewa sinki. "Aone yote kwanza," anasema. "Asije akaishi na nusu ya habari kama mimi." Msimamizi amekubali, na wa kwanza ataanza mwezi ujao.

Je, bado anaogopa? "Sana," anajibu bila kuona haya. "Nikisema siogopi nitakuwa mwongo, na kesho kutwa nitaaibika mbele ya watu ninaofanya nao kazi."

Leo ni Jumatatu. Mchana huu yuko kwenye meza ya kukunjia, na mbele yake kuna rundo la mashuka ya kijani yaliyotoka kukaushwa, bado yana joto. Jioni yatapelekwa kuchemshwa kwa mvuke, na keshokutwa yatatumika chumba cha upasuaji. Anashika pembe mbili, analinganisha, anapiga mkunjo kwa kiganja na kuulaza.

Anaulizwa kama anafahamu ni lipi kati ya hayo atakalolalia.

"Sijui," anasema, huku akivuta jingine. "Ndiyo maana nayakunja yote vizuri."