Mpiga Picha wa Kwanjula ya Kaka

Hadi leo nawakwepa wakwe wa kaka yangu. Alipokwenda Makindye kwa kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kutambulishwa ukweni, mpiga picha alikuwa mimi, msomi wa familia, na kamera kuukuu ya filamu ya baba. Nyingine haikuwepo. Kamera hiyo hutazami kupitia lenzi; ina kidirisha chake pembeni, na umbali unaupima mwenyewe kwa kuzungusha pete. Niliogopa picha yenye ukungu kuliko kifo.

Shangazi wa bibi harusi alipokuja kumvika kaka ua, nilipaza sauti: "Ssenga, tulia hapo hapo!" Akatulia, ua mkononi, nami nikazungusha pete. Kaka akaanza kunikonyeza. Desturi inamkataza bwana harusi kusema. Msemaji wetu ndiye humsemea. Nikawaza: jua kali? Nimemkaribia mno? Nikarudi nyuma, nikapima upya. Akaziba jicho kwa kiganja.

"Usilie, kaka, unaharibu picha!"

Mwishowe akamnong'oneza msemaji. Mzee akasimama, akawaomba radhi wenyeji. Mama mkwe akashika kifua.

"Mwana wetu hajabadili nia," alisema msemaji. "Anaomba tu mpiga picha atoe kifuniko kwenye lenzi. Kipo hapo tangu tufike."