Purkey wa Kituo cha Pili

Tangu aache kazi kwenye kiwanda cha chuma pale mjini Lorain, Emil Hlavaty hakuwa na siku kubwa kuliko Jumamosi ya kwanza ya Februari. Hata theluji ifike magotini, angekuja tu kwa kaka yake Ludvik na boksi la donati, wakae jikoni kuchagua timu zao za besiboli. Wachezaji wenyewe ni kadi. Kila kadi ina jina la mchezaji wa zamani na tarakimu za uwezo wake, nawe unarusha dadu kujua kama kapiga mpira au kapiga hewa.

Mwaka huu Ludvik hakuwepo. Walimzika Novemba.

Sheria za meza zilikuwa zake. Walinzi wanne wa ndani, wale wa karibu na vituo, huchaguliwa kwanza, kwa sababu, alikuwa akisema, mpira ukishapita ndani, huko nje ni kuokota tu. Na mtu akifa, kadi zake zinarudi sandukuni, awahiye ndiye mwenye nazo.

"Haya shemeji, chukua karatasi," Irena, mjane wa Ludvik, alimsogezea Emil kofia ngumu ya marehemu yenye karatasi za zamu.

Emil akatoa namba moja. Orville Petty, aliyesimama tanuruni na Ludvik miaka ishirini na miwili, akabaki na namba mbili.

"Ficha hayo meno, mzee," Orville akamwambia. "Unacheka kama paka aliyefungiwa buchani."

Emil alitaka kadi moja tu: Nate Purkey, mlinzi wa kituo cha pili. Ludvik alikuwa naye tangu kadi ile ikiwa mpya, na pembe yake ilikuwa na duara la kahawa. Kwa kupiga, Purkey alikuwa aibu tupu. Lakini mikono! Kila alipodaka, Ludvik aligonga kadi mara mbili kwa kidole na kusema, "Mikono ya mkunga!" Emil akimtazama Purkey alimwona kaka yake wa enzi zile za timu ya kiwanda, wakati Ludvik akilinda kituo cha pili na yeye Emil pengo la kati ya kituo cha pili na cha tatu. Emil alikuwa akiutupa mpira bila kugeuza shingo, kwa kuwa alijua Ludvik yupo.

Ila meza ile ilishamfundisha ujanja. Nani apoteze zamu kwa Purkey? Angemchukua kwanza Carranza, mlinzi wa pengo bora kuliko wote sandukuni, kisha Purkey amwokote mwishoni.

"Carranza," akasema.

Orville hakugusa hata orodha yake. "Purkey."

Emil akamgeukia.

"Orville, yule ni wa Ludvik."

"Najua ni wa nani."

"Hujawahi kumtaka hata siku moja! Ulimwita kijiko cha mbao!"

"Nilimwita hivyo ili kaka yako akasirike. Alikuwa akikasirika vizuri sana."

"Chukua Carranza. Nipe huyo."

"Hata uniongezee na gari lako, sitoi." Orville akaiweka kadi mfukoni mwa shati, kisha akaona haya, akaitoa na kuilaza mezani. "Namba moja ulikuwa nayo wewe, Emil. Ungemtaja."

Emil akavuta boksi. Akala donati asiyoisikia ladha.

Walipomaliza kuchagua, wakacheza mchezo mmoja, kama desturi. Hadi zamu ya mwisho Emil alikuwa nyuma kwa pointi moja, mtu wake mmoja ameshatolewa, wawili wako vituoni. Akarusha dadu. Mpira ukatambaa chini, moja kwa moja kwa Purkey. Orville akasoma kadi taratibu, kidole kikifuata mstari. Wawili nje kwa mpira mmoja, na yule wa kwanza, watatu. Mchezo umeisha.

Orville akasogeza kikombe. Akagonga kadi mara mbili kwa kidole.

"Mikono ya mkunga," akasema, kwa sauti ndogo.

Irena, aliyekuwa akiosha vyombo, akafunga bomba.

"Rudia," Emil akasema.

"Nini, dadu? Umeshafungwa, mzee, kubali."

"Achana na dadu. Gonga tena."

Orville akagonga tena.