Jiko Lililotupita Barabarani

Leo jiko langu limenipita barabarani, likienda peke yake!

Mnajua napika kwenye trela ya afande mstaafu, ile tunayoivuta kwa pikapu kutoka Jinja kwenda kuuza chakula Mbale.

Leo mteremkoni, karibu tufike sokoni, nikasikia kishindo nyuma. Trela imechomoka kwenye ndoano ya gari. Kuna mnyororo wa kuikamata ikichomoka. Haukukamata kitu.

Ikatupita, jamani. Ikasaga kibanda cha muuza matoke, ikapinduka. Mwenyewe alikuwa amevuka barabara kununua chumvi. Mungu ni mkubwa.

Afande akaruka chini, akanishika shingo.

"Mnyororo iko wapi, wewe?"

Kofi. Damu mdomoni.

"Umeuza?"

Kofi la pili, mbele ya watu wote wa soko.

Muuza matoke, huku analilia kibanda chake, akachungulia ndani ya trela.

"Bwana, mtungi wa gesi uko salama. Umefungwa na mnyororo mzito, tena na kufuli."

Watu wakasogea kuchungulia.

Mnyororo wenyewe ni ule ule wa trela. Nikakumbuka. Tulipoibiwa mtungi kule Masese, afande aliapa hataibiwa tena. Na ufunguo wa kufuli ulikuwa unaning'inia shingoni mwake, pamoja na msalaba.

Akaushika. Akanitazama mdomo unaochuruzika damu.

"Si unaona?" akasema. "Mtungi hawajaiba."

Nikamtemea damu kwenye viatu vyake.

Wanaosema nimekosa heshima, waje kwanza waone mdomo wangu.