Pikipiki Iliyodhaniwa Mashine ya Kusaga

Juzi nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Dodoma, mara mtu mwenye bustani ng'ambo ya ukuta akawasha pampu yake ya kumwagilia. Injini ya dizeli ya silinda moja, ile inayokwenda du, du, du kama mtu anayegonga mlango bila haraka. Nikabaki na shuka mkononi, nacheka peke yangu. Binti yangu akachungulia dirishani. "Mama, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, maana kisa chenyewe ni kirefu na yeye alikuwa na simu yake. Wewe kaa, nikusimulie.

Nimekulia Itetemia, pembezoni mwa Tabora, mahali ambapo huwezi kusema kama upo mjini au upo shamba. Baba alikuwa mtu wa reli, tulimwona mwisho wa mwezi. Mama alikuwa akinunua asali na nta vijijini na kuziuza sokoni, kwa hiyo nyumba yetu ilinukia nta mwaka mzima. Hata ugali ulikuwa na harufu yake kwa mbali. Vijijini alikwenda kwa pikipiki aliyoachiwa na baba yake, mwinjilisti wa Kimoraviani. Lilikuwa dude zito la zamani, lile ambalo injini ipo kivyake na giaboksi kivyake. Mama akipita juu yake, kitenge amekibana magotini, watoto wa shule walikuwa wanasimama barabarani kumpigia saluti. Wote walimwita Mama Asali.

Mwaka mmoja pistoni ilipasuka. Petroli yenyewe huko vijijini ilikuwa inauzwa kwenye chupa za soda, nusu yake mafuta ya taa, na nadhani ndiyo iliyoiua. Spea hakuna Tabora, hakuna Mwanza. Pikipiki ikaegeshwa bandani na kuku wakahamia juu ya tenki.

Jirani yetu alikuwa mkulima wa mboga, Mkatoliki, wazazi wake walitoka Burundi na yeye alikulia Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi magharibi ya Tabora. Naye alikuwa na msiba wake mdogo: pampu yake ya dizeli ilikuwa imepasuka upande wa maji, ingawa injini ilikuwa nzima kabisa. Aliishi na mama yake mzazi, ambaye sisi sote tulimwita Bibi. Bibi alikuwa na nyonga mbovu. Hakuweza kupanda ngazi za basi, na pikipiki hakutaka hata kuzisikia, maana aliwahi kubebwa na kijana mmoja kutoka stendi akafika nyumbani bila kilemba na bila kiatu.

Basi, mwishoni mwa mvua zikaja habari kutoka Ulyankulu kwamba dada mkubwa wa Bibi macho yanamwishia. Mkubwa huyo alituma ujumbe mfupi tu: anataka kumwona mdogo wake wakati bado anaweza kuona. Kuanzia siku hiyo sahani ya Bibi ikawa inarudi jikoni kama ilivyotoka. Hakulia. Alikaa mlangoni, ameelekeza uso upande wa magharibi.

Mama akaenda kwa jirani. Nilimfuata, nikasikia kila neno.

"Jirani, wewe una injini isiyo na kazi. Mimi nina magurudumu yasiyo na kazi."

"Mama Asali, injini ile ni ya kuvuta maji."

"Kwani yenyewe inajua?"

Jirani akajikuna kidevu, akacheka, halafu akaacha kucheka. Jioni ile ile alikuwa bandani kwetu anapima kwa kamba.

Rafiki yangu, kipindi kile kilikuwa na raha ambayo sijui kama nitaipata tena. Mimi nilichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga, nikapeleka sufuria bandani, na watu wazima wawili wenye grisi mpaka kwenye nyusi wakala kwa kugombania. Fremu ilikatwa kwa msumeno wa chuma, ikasukumwa kwenye mkokoteni hadi kwa mchomeleaji wa Isevya, ikarudi imepanuliwa tumbo kwa vyuma vya kona ili injini ile nene ienee. Kutoka kwenye injini mpaka giaboksi wakafunga mkanda mpana wa mashine. Baba alipokuja mwisho wa mwezi alisimama mlangoni na begi lake. "Mnatengeneza trekta?" Akabadilisha shati, akashika spana.

Siku ya kuwasha Bibi aliletwa na kiti chake, akaketi kivulini. Jirani akazungusha hendeli mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, kisha du, du, du, na kuku wote wakatoka bandani bila kuaga. Mama akapanda, akaingiza gia, akaachia klachi taratibu. Pikipiki ikaondoka. Ikaondoka kinyumenyume! Ilipita juu ya mkeka wa maharage, ikang'oa kamba ya nguo, ikaenda kusimama kwenye ukuta wa jiko, Mama amefunikwa na shuka kama bibi harusi.

Halafu tukasikia kicheko chembamba kinapanda, kinashuka, kinapanda tena. Bibi alikuwa anacheka huku amejishika mbavu. "Mwanangu," alimwambia jirani, "unataka nifike Ulyankulu nikiwa nimewapa mgongo?" Jioni hiyo alikula sahani nzima.

Injini ilikuwa inazungukia upande usiotakiwa, hilo tu. Lakini unaigeuzaje? Jirani alikaa kwenye ndoo akiitazama mpaka kigiza kikaingia. Ghafla akasimama, akavua mkanda wa suruali yake, akaunganisha ncha, akaupindua katikati ukawa namba nane. Akauzungusha kwa vidole, huku unakwenda hivi, kule unakwenda vile. "Mama Asali! Tuukunje mkanda!" alipiga kelele, mkono mmoja umeshika mkanda juu, mwingine umeshikilia suruali isidondoke. Wakaukunja ule mkanda wa mashine namna hiyo hiyo, na pikipiki ikaenda mbele. Ulipoteleza, Mama aliusugua kwa bonge la nta, ukashika.

Bibi wakamtengenezea kiti cha mbao chenye mito, kina gurudumu lake moja la toroli, kikafungwa ubavuni mwa pikipiki. Alipozungushwa uwanjani akatoa hukumu yake: "Hii inatembea kama mtu mwenye akili."

Tuliondoka alfajiri. Mama alikuwa anaendesha, jirani nyuma yake na galoni la dizeli, Bibi kwenye kiti chake na rozari na bonge la nta mapajani, mimi miguuni pake. Mwanzo tuliifuata ile njia ya zamani ya misafara iendayo magharibi. "Watu walipita hapa kwa miguu na meno ya tembo mabegani," Mama alituambia kwa sauti ya juu. "Sisi tumeketi!" Baiskeli zilitupita, waendeshaji wake wakitupungia. Umande ulikuwa bado majanini, mabani ya kukaushia tumbaku yalitoa ile harufu yake tamu na kali, na wanawake waliokuwa wanauza uyoga kando ya njia waliinuka kututazama. Kila mkanda ulipoanza kulia, Bibi alimpa Mama nta kabla hajaombwa.

Tulipokaribia kijiji cha kwanza chenye nyumba nyingi, tukaona watoto wanakimbia kuja kwetu, na nyuma yao akina mama wenye ndoo za mahindi kichwani. Mmoja akatuwahi, anahema. "Shikamoo, Bibi. Mashine inasimama wapi?"

"Marahaba. Mashine gani?"

"Si hii ya kusaga! Yetu imekufa tangu wiki iliyopita, tumesikia nyingine inakuja."

"Hii inasaga barabara tu, mama," alijibu Mama, na wote tukaangua kicheko, wao na sisi. Kijiji kilichofuata ikawa vile vile. Na kilichofuata.

Tuliingia Ulyankulu alasiri. Jirani akaonyesha njia, tukakata kwenye migomba, na mbele ya nyumba moja tukamwona bibi kizee mrefu, beseni la mahindi kichwani, anapapasa njia kwa fimbo na kuja moja kwa moja kwenye sauti yetu. Mama akazima injini. Yule mzee akasimama. "Msizime!" aliita. "Nakuja. Ni beseni moja tu."

Bibi akamwita kwa jina lake la utotoni.

Beseni lilianguka. Mahindi yalitapakaa mpaka kwenye magurudumu, na kuku wa mji mzima wakafika. Jirani alimshusha mama yake, na dada mtu akamshika uso kwa mikono miwili, akausogeza karibu sana, pua kwa pua, akautazama. Walisema Kirundi tu, sikuelewa hata neno, lakini niliwaona wanavyochekana, kila mmoja akigusa meno yaliyobaki kinywani mwa mwenzake. Usiku huo tulikula ndizi na maharage. Siku ya kurudi Bibi alikataa kupanda. Tukarudi na kiti chake kimejaa maharage.

Ile pikipiki ilimbebea Mama asali kwa misimu kadhaa, halafu jirani akapata pampu nyingine ya kuokoteza, injini ikarudi kuvuta maji, na fremu ikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Jirani mwenyewe baadaye alihamia kwa watu wake. Siku hizi vijana wa bodaboda wanakwenda huko na kurudi kabla chai haijapoa, na mgeni akifika mlangoni ndipo unajua kwamba amekuja. Bibi na dada yake wametangulia mbele za haki wote wawili. Dada mtu alipofuka kabisa, lakini jirani alituambia hakunung'unika. Kila jioni waliketi barazani, Bibi akimsimulia kila anayepita barabarani, amevaa nini, amebeba nini, anakwenda kwa nani. Na siku ambazo barabara ilikuwa tupu, Bibi alikuwa anatunga.