Vitanzi vya Loth

Dorkas hakulia. Hakulia mumewe Loth alipokata roho, hakulia makaburini, wala pale wanawake wa usharika walipomshika mabega wakamwimbia. Watu bwana, hawakosi la kusema! Wakanong'ona kwamba mama Jenifer ana moyo wa jiwe. Aliwasikia, na hata hakuumia. Ndani yake hapakuwa na kitu, si uchungu wala njaa.

Matanga yalipokwisha, shemeji yake Eliufoo, mdogo wake Loth, alikuja akimvuta mbwa wake. Mbwa alikuwa na kitanzi cha katani shingoni, ngozi imechubuka vibaya.

"Pole tena, shemeji. Mitego ya kaka bado iko kule juu msituni. Shule zikifungwa Ijumaa, watoto watapanda kutafuta kuni. Mtoto akinaswa je? Anayejua ilipo ni wewe tu."

"Nitaitoa," akasema Dorkas, kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Ni kweli, wengine hawakujua; Loth alimwelekeza yeye tu kila alipotega. Kamba zote alizisokota yeye mwenyewe, pajani, kwa katani ya mpakani mwa shamba. Kazi ya Loth ilikuwa kuinamisha mti mchanga na kufunga kitanzi, ili nguruwe pori akigusa, mti ufyatuke. Na hapo ndipo walipogombana. Muda si mrefu kabla ya kuugua, nguruwe alichomoka mtegoni akafagia mahindi.

"Fundo lako lililegea," Dorkas alimwambia.

"Kamba yako ndiyo mbovu," Loth akajibu.

Kamba yake yeye! Kamba zilizofunga ng'ombe wa nusu ya kijiji! Dorkas akanuna, na homa ilipomchukua mumewe, yeye alikuwa bado amenuna.

Alfajiri akapanda na panga. Hakulitumia sana, maana kamba nzima haikatwi ovyo. Mafundo ya Loth yalikuwa magumu, hayafunguki kwa kucha, ikabidi ayang'ate. Mtego mmoja ulikuwa na mifupa ya paa na inzi wengi. Akaivuta pembeni, akafungua kamba, akaiviringisha, akaendelea.

Wa mwisho ulikuwa juu ya kijito. Loth aliuweka kabla ya ugomvi wao, siku ile aliyochelewa kurudi, akasema alipumzika njiani kidogo, uchovu tu wa kulima. Dorkas akainama aling'ate fundo. Kuligusa tu, likafunguka lenyewe.

Akaishika kamba kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu zake zote. Nzima kabisa. Akaangalia mkunjo pale fundo lilipokuwa: lilizungushwa mara moja tu, kilegevu, kama kazi ya mtoto. Vidole vya Loth vilikuwa vimekwisha nguvu tangu siku hizo. Naye alijua, akaona afadhali asingizie kamba.

"Si nilikwambia?" Dorkas akasema kwa sauti. "Si nilikwambia, baba Jenifer? Kamba yangu haina kosa!"

Akangoja abishiwe kama walivyozoea.

Hakuna aliyembishia. Hapo ndipo kilio kilipomtoka, kilio cha mdomo wazi, hata Eliufoo akakisikia huko chini shambani. Akatupa jembe akapanda mbio, akidhani shemeji yake amenaswa.