Picha Ambalo Halijaigwa

Siku ya tatu ya tanga la baba yangu, wanaume walikuwa wameshachoka kuhuzunika. Siwalaumu sana. Mkeka wa msiba unaumiza makalio, na watu wa Ujiji hawawezi kunywa chai kimya kimya hata aliyekufa angekuwa nani. Walianza na mpira, wakaenda kwenye upungufu wa dagaa, halafu wakafika kwenye mabishano ya picha, kama ilivyokuwa lazima wafike, kwa sababu marehemu alikuwa mtafsiri wa picha kwenye banda la video.

Nieleze kidogo kwa ambaye hakukulia kwetu. Banda lilikuwa la mabanzi na mabati, karibu na ufukwe, lina deki, televisheni mbili na jenereta iliyokuwa ikipiga kelele kuliko mabomu ya kwenye picha. Baba alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, akawaambia watu kila kinachosemwa. Picha la Kihindi, la Kichina, la Kifaransa, yote yalipita mdomoni mwake yakatoka Kiswahili. Kichina hakukijua, hata salamu. Alijua Kiha, Kiswahili, Kilingala, na Kifaransa cha kuombea kiberiti, kwa sababu ujana wake aliumalizia kwenye boti za mizigo zinazokwenda Kongo. Lakini kwetu mtu akishajua lugha moja ya ng'ambo huhesabiwa kuwa anazijua zote. Kama anaelewana na watu wa Uvira, walisema, Mchina atamshinda nini? Hakuna aliyemuuliza, naye hakuwa na haja ya kukanusha.

Mimi sikuwahi kumsikia. Niliishi naye nyumba moja mpaka nilipoolewa, na bandani sikutia mguu. Mabinti wa jirani walichungulia kwenye matundu ya mabanzi, wakacheka, wakaondoka salama. Mimi nikisogea tu, alisimamisha picha akatoka na fimbo. "Hapa si mahali pa mtoto wangu," alisema mbele ya watu, na watu wakamsifu kwa malezi. Hata mimi nilijisifu. Nilidhani ananitunza.

Basi siku hiyo ya tatu nilikuwa nimebeba birika, nawaongezea chai, na kinyozi wa pale sokoni alikuwa ameshika hoja. Yule mtu ana mdomo kuliko mashine yake ya kunyolea. Alisema hakuna picha la asili duniani, yote wizi mtupu. Wahindi wamewaibia Wamarekani, Wanigeria wamewaibia Wahindi, na sisi wa Bongo tumewaibia Wanigeria, tena tumeiba vibaya. Stelingi anauliwa baba yake mwanzoni, anakwenda msituni kujifunza ngumi, anarudi kulipa kisasi. "Niambieni moja tu ambalo halikuigwa," alisema. "Moja!"

"Lile la mwanamke wa mtoni," akajibu fundi wa mitumbwi, na mkeka mzima ukasema ehee.

Kinyozi alikubali palepale. Mwenye banda, ambaye siku hizi ni mzee na banda lake limekuwa stoo ya nyavu, alisema amepitisha picha nyingi mpaka macho yakaota ukungu, lakini kama lile hajaona, wala hataona. Lilikuwa picha la Kichina. Kuna mwanamke amekuja kuolewa ng'ambo ya maji, mbali na kwao. Ndoa inaharibika. Anataka kurudi kwao na mtoto wake, mume anakataa. Mtoto anabaki, wewe nenda.

"Unakumbuka alivyomsemesha yule mama?" aliuliza fundi. "Kiswahili cha Kongo kabisa! Mchina anasema, 'Unipatiye mutoto wangu, niende naye.' Watu tukacheka. Halafu hatukucheka tena."

"Alimnyonyesha mara ya mwisho," akasema mwenye banda, "akamlaza juu ya gunia la dagaa, akapanda boti. Na yule mtoto ana kovu la kuungua uji hapa."

Akajigusa shingoni, chini ya sikio la kushoto.

Niliendelea kumimina chai mpaka ikafurika kikombe cha mtu na kumwunguza kidole, akaniambia pole dada, akidhani ni msiba. Ulikuwa msiba kweli. Chini ya ushungi wangu, chini ya sikio la kushoto, nina kovu la uji. Nimelifunika tangu nilipopata akili, kwa hiyo hakuna mwanamume pale mkekani aliyewahi kuliona. Na mama yangu alikuwa mtu wa ng'ambo. Hiyo nilikuwa naijua. Niliyoambiwa baada ya hapo, na baba, na shangazi yangu aliyenilea, ilikuwa sentensi moja tu: mama yako alikutupa. Alipanda boti Kibirizi hakugeuka nyuma. Nilikua na sentensi hiyo kama wengine wanavyokua na jina la ukoo. Nilipokuwa mtundu niliambiwa ndiyo maana ulitupwa. Nilipokuwa mwema niliambiwa angalia, na bado alikutupa.

Nikaweka birika chini. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama sukari imetosha, "Na mwisho wake? Yule mama alirudi?"

Ndipo walipokosana. Fundi alisema alirudi sikukuu, na kitambaa kipya cha mtoto, akafukuzwa ufukweni kama mwizi. Kinyozi alisema hapana, alikufa kwao kwa huzuni, na mume akaenda kusimama mbele ya maji akalia, tena yeye kinyozi mwenyewe alilia siku ile. Mtu wa tatu alisema wote wamechanganyikiwa, mama alimpata mtoto wake. Walibishana mpaka sauti zikapanda na shekhe akakohoa.

Mwenye banda akawatuliza. "Ninyi nyote mmeona sawa," alisema. "Lilikuwa linategemea siku. Bwana yule akiwa na furaha alimrudisha. Siku ya mvua, watu wachache, alimuua. Mimi nilimwambia, bwana, watu watagombana nje, akasema ndivyo picha lenyewe lilivyo."

Walicheka kwa upendo. Walisema Mungu amrehemu, hakuna kama yeye. Mimi nilirudi jikoni na hasira. Wavuvi, makuli, wapita njia waliokuja kujikinga na mvua, wote waliambiwa habari ya mama yangu kwa kipaza sauti. Mimi niliyelazwa juu ya gunia nilifukuzwa kwa fimbo nisisikie.

Lakini mtu hushika tawi lolote. Nilijiambia labda picha ndivyo lilivyo. Labda huko China nako kuna mwanamke, kuna maji, kuna uji wa moto. Tulipoondoa tanga nilimwendea mwenye banda akanipa kava la mkanda ule, limeliwa na mende pembeni, nikalipeleka mjini, Mwanga, kwa kijana anayejaza picha kwenye flashi. Alilitazama, akalitafuta, akalipata. Akasema, "Mama, hili la zamani sana, nikuwekee na mapya?" Nikamwambia niwekee hilo hilo.

Nililitazama mchana, peke yangu, limeandikwa Kiswahili chini. Linahusu upanga. Wanaume wawili wanagombea upanga wa mwalimu wao mpaka mwisho, na mwisho ni mmoja tu, wote wanakufa. Mwanamke yumo, anapita. Anashuka mtoni na kikapu, anasema maneno kwa mwanamume mmoja, anapanda mtumbwi, anaondoka. Maneno yake, kwa mujibu wa maandishi, ni kwamba mchele umekwisha. Mtoto hakuna. Nilirudisha nyuma nikatazama tena, nikaweka kidole kwenye kioo pale anapoondoka. Ni kipande kifupi. Baba alikuwa akikisubiri kila mara, nadhani, na picha zima lililobaki, mapanga na mayowe yote, akalivuta lizunguke kipande hicho. Mwanamke yule hakutazama nyuma, na baba aliwaambia watu alikuwa analia.

Wapo watakaosema nimwonee huruma. Nimejaribu. Mtu aliyebeba jambo kama lile na hana pa kulitua isipokuwa gizani, kwa kinywa cha Mchina, ni mtu wa kuhurumiwa. Lakini angeweza kulitua kwangu. Nilikuwa chumba cha pili.

Nikamwendea shangazi. Ni mzee sasa, miguu imevimba, mimi ndiye ninayemkanda na kumpikia, kwa kuwa wanawe wako Dar na simu zao zinapatikana Ijumaa. Nilimkuta anachambua maharage uani. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa.

"Shangazi, kuna picha baba alikuwa anatafsiri bandani. La mwanamke aliyeacha mtoto."

"Mambo ya video hayo," alisema. "Mtoto wa Kiislamu unakaa unawaza video, na baba yako hana hata arobaini."

"Wanasema yule mwanamke hakutupa mtoto. Alinyang'anywa."

Vidole vikaendelea na maharage, lakini nikaona anatupa mazima na kubakiza mabovu.

"Wanasema alirudi."

Kuku akaja akadonoa maharage yaliyotupwa, asimfukuze. Halafu akauliza, bila kuniangalia, "Huko bandani, baba yako alisema ni nani aliyefunga mlango?"

Mimi sikuwa nimetaja mlango. Hata wale wanaume hawakuwa na mlango katika mwisho wowote waliougombania. Kwao mambo yote yaliishia ufukweni.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwaga ungo ule na kumwuliza ni mlango upi, ni huu ninaoufagia kila asubuhi? Mimi nilikuwa wapi, nilikuwa nalia, nilisikia? Nilifungua mdomo, na yeye akanyanyua mkono akasema, "Nisaidie kusimama, mwanangu, jua limenifikia." Nikamsaidia kusimama. Nikampeleka ndani, nikamfunika miguu. Tangu siku hiyo kila nikianza habari ile anaumwa kichwa, na mtu wa umri wake akiumwa kichwa unafanyaje? Nampa panadoli. Hasira yangu imekuwa ya kumpikia uji na kumuuliza kama umekolea.

Arobaini ikafika. Tukasoma hitima, tukapika wali na samaki, migebuka ya ziwani, na watu walewale wakakaa palepale. Sikutegemea waache. Mabishano ya picha kwetu hayafi, yanalala tu. Sinia zilipoanza kwenda, kinyozi alikuwa amewapata vijana wawili wenye simu kubwa waliokuwa wakimtajia picha za sasa, za watu wanaoruka sayari kwa sayari. Aliwasikiliza kwa dharau.

"Yote hayo yameigwa," aliwaambia. "Picha la asili ni moja, la yule mama wa mtoni. Halijaigwa popote, wala hakuna wa kuliiga. Mwulizeni yeyote hapa."

Wazee wakaitikia. Mwenye banda akasema kweli tupu, halijaigwa.

Nilikuwa nimeshika sinia. Niliiweka katikati yao, taratibu, wali usimwagike, na badala ya kurudi nyuma kama inavyonipasa nikapiga goti palepale mkekani kwa wanaume. Nikafungua ushungi upande wa kushoto. Sijawahi kufanya hivyo mbele ya mtu ambaye si mume wangu. Nikageuza shingo ili waone vizuri, kwa kuwa macho ya mwenye banda yana ukungu.

"Limeigwa," nikasema. "Baba kaliiga hapa."

Fundi wa mitumbwi alisema astaghafirullah na kuinamisha uso. Mwenye banda alinyoosha kidole kama anayetaka kugusa, akakirudisha. Vijana hawakuelewa kitu, wakawatazama wakubwa wao. Upande wa wanawake, huku nyuma, kelele za vijiko zikakoma, na nikajua shangazi naye anaangalia, maana kiti chake tulikiweka kwenye kizingiti apate upepo.

Nikafunga ushungi. Nilingoja mtu aseme pole. Nadhani ndicho nilichokitaka tu, pole moja ya haki, si ile ya chai. Kinyozi alinitazama mimi, akautazama wali, midomo ikamcheza. Alivumilia alivyoweza. Nilimwona anavumilia, halafu nikaona anashindwa.

"Kwa hiyo, dada," aliuliza, kwa heshima zote, na shingo zote za mkekani zikavutika mbele kunisikia, "yule mama alirudi, au hakurudi?"

"Muulize shangazi," nikamwambia. "Yule pale, amekaa mlangoni."