Mabao Matatu ya Bure

Mpira siujui kuucheza, lakini makundi ya mashindano ya kolege za Bujumbura niliyapanga mimi, na niliyapanga vibaya kwa makusudi. Nalisema mapema ili mtu asije akanihurumia njiani.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya vita. Nilikuwa karani wa kolege moja ya Bwiza, nina miaka ishirini na sita, mashine ya kuchapa, na mkataba wa muda ambao direkteri wangu aliurefusha kila baada ya miezi mitatu, huku akihema kana kwamba ananitolea damu. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mashindano. Mimi nikawa sekretere wa kamati bila kuulizwa.

Mwaka ule kamati iliamua kupanua mashindano. Vita vilikuwa vimeyakatakata makundi ya zamani. Kolege moja ilikuwa imehama mtaa wake na kusomea kwenye madarasa ya wenzao, nyingine iliogopa kukanyaga Ngagara, nyingine haikuwa na timu tena. Tulihitaji kolege mpya, na iliyoomba kuliko zote ilikuwa ya Kanyosha, kule kusini, chini ya milima iliyokuwa ikilia risasi. Barabara yao ilifungwa kila jioni, haifunguliwi mpaka wanajeshi waikague asubuhi. Siku nyingine haikufunguliwa kabisa.

Sheria yetu ilikuwa hivi: timu isipofika uwanjani, wanaoisubiri wanapewa mabao matatu na pointi zote. Tuliita forfe. Timu ikipata forfe mara mbili, inafutwa mashindanoni. Basi mkutanoni madirekteri wote walipandwa na mapenzi makubwa kwa vijana wa Kanyosha. "Bale ni bandugu zetu," akasema wa Ngagara, "siye tuko tayari kubapokea mu poule yetu, mu kundi letu." Wa pili akasema apana, wao ndio walio tayari zaidi. Wa tatu akataja umoja wa taifa. Nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao huku nimeuma shavu kwa ndani nisicheke. Hakuna aliyethubutu kulisema, lakini wote walikuwa wanagombania mpinzani asiyeweza kufika.

Niliona wazee hawa watabishana mpaka jua lizame. Nikainua mkono na kusema, kwa sauti ya mwanamke asiyejua mpira, kwamba basi la Kanyosha linaishia soko kuu, na kutoka soko kuu hadi Bwiza ni hatua chache tu, kwa hiyo kwa upande wa usafiri Kanyosha ni jirani zetu. Kolege za kusini, ambako vijana wale wangekwenda kwa miguu bila kuvuka kizuizi hata kimoja, nikaziweka kwenye kundi lao peke yao. Wakautazama mchoro wangu, wakaguna, wakapiga kura. Kundi letu likawa Bwiza, Ngagara, kolege moja ya kaskazini, na Kanyosha. Tulipotoka direkteri aliniambia, "We ni mutu mubaya!" na akacheka. Nilijisikia vizuri wiki nzima.

Makundi yalipotangazwa, mwalimu wa timu ya Kanyosha alikuja ofisini kwangu. Alikuwa akifundisha hesabu, mtu mwembamba, shati limenyooka kwa pasi na viatu vimejaa vumbi. Alikataa kukaa.

"Dada, mi naomba kitu kimoja tu. Mutuweke mu poule ya kusini. Huku ni mbali, njia inafungwa, na tukikosa mara mbili mutatufuta."

Nikamwambia kura imekwisha kupigwa.

"Basi mechi ikiwa ya asubuhi muniambie mbele. Tutalala Ijumaa ku paroisse, kwa mapadri, huku mujini." Akaongeza: "Juu ya huu mupira, kila Jumamosi bavijana bako na mi. Bale ba mulimani banakuja kubaita. Siku mechi haiko, mi sina neno la kubaambia."

Wa mlimani walikuwa wapiganaji, na walikuwa wanatafuta vijana wenye mbio. Nilimsikia. Sitaki kusingizia kwamba nilikuwa na kazi nyingi au kwamba sikuelewa. Nilimsikia vizuri, nikamwambia asante kwa kuja, nikarudi kwenye stensili yangu.

Tatizo ni kwamba walifika. Mechi ya kwanza ilikuwa Ngagara, alasiri. Mabasi hayakutembea siku ile, wakaukata mji mzima kwa miguu, wakaingia uwanjani bila hata kupumzika, wakaifunga Ngagara mawili kwa moja. Direkteri wa Ngagara alinikuta kwenye korido ya ofisi za mkoa na kunipigia kelele mbele ya watu: "Si ulisema habawezi kufika?" Sikuwa nimesema hivyo, hakuna aliyekuwa amesema hivyo, lakini wote waliokuwepo walicheka na kuuita mchoro wangu akili ya kuku. Nilimchukia yule mwalimu wa hesabu kwa kufika kwake. Mechi ya pili kulikuwa na mapigano, barabara haikufunguliwa, wakapata forfe ya kwanza. Nilipoiandika kwenye daftari nilifurahi, na kalamu ilikimbia yenyewe.

Ya tatu ilikuwa yetu, Bwiza, uwanjani kwetu. Mwenyeji ndiye aliyechagua saa. Direkteri aliniita, akafunga mlango. "Bakija batatupiga," akasema. "Tuweke asubuhi. Na ile karatasi yako ya kazi ya kudumu, iko hapa ku meza yangu, inangoja sahihi tu." Nikaenda kuchapa ratiba kwa Kifaransa, kama karatasi zote za ofisi: Jumamosi, uwanja wa Bwiza, 9h. Yaani saa tatu asubuhi, wakati ambao barabara ya Kanyosha ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa.

Jumatano mwalimu akaja mwenyewe kuchukua nakala yake, maana barua hazikufika kwao. Nakala ilikuwa chini ya kiwiko changu. Nilimwambia zimekwisha, wino umetuishia, lakini nitamsomea. Akatoa kijidaftari mfukoni.

"Jumamosi, kwetu," nikasoma. "Saa tisa."

"Saa tisa ya muchana, dada?"

"Kwani we unachezaka mupira saa tisa ya usiku?"

Akacheka, nami nikacheka. Akaandika, akanishukuru, akaondoka.

Jumamosi asubuhi vijana wetu walijipanga peke yao. Mwamuzi aliangalia saa yake, akasubiri robo saa iliyoandikwa kwenye sheria, akapuliza filimbi, akatia sahihi. Mabao matatu. Baadhi ya vijana wetu walishangilia kidogo, nahodha hakushangilia. Kufikia saa tano wachezaji na mwamuzi walikuwa wameshakwenda kwao. Mimi nilibaki ofisini. Nilitaka kuona.

Vijana wa Kanyosha walifika saa tisa kasoro dakika kumi, wote kumi na saba, wamekwisha kuvaa jezi njiani ili wasipoteze muda. Walisimama kwenye uwanja mtupu, wakatazama huku na huku. Mwalimu akaja mbio mpaka ofisini, na direkteri, ambaye naye hakuwa ametoka siku ile, akamwonyesha ratiba. Mwalimu aliisoma ile 9h mara nyingi.

"Lakini dada aliniambia saa tisa."

Direkteri akanigeukia. "Ulimuambia saa ngapi?"

"Wallahi nimemusomea vile imeandikwa," nikasema. "Imeandikwa tisa. Mi najuaje kama mwalimu muzima hajui saa ya Kifaransa?"

Kiapo changu kilikuwa cha kweli, kila neno. Nilimwona mwalimu akijaribu kukumbuka nilivyomjibu alipouliza kama ni mchana, na hakukumbuka jibu, alikumbuka kicheko tu. Uso wake ulianza kuwaka kwa aibu. Mtu wa hesabu, amekosea tarakimu. Akaomba basi tucheze mechi ya kirafiki, isiyo na pointi, vijana wasirudi bure. Direkteri akasema wachezaji wetu wameshatawanyika. Mwalimu akaniambia, "Dada, unisamehe. Nilitaka kukutia mu makosa, kumbe kosa ni langu."

Nikamwambia hakuna neno, kila mtu hukosea.

Kupitia dirishani nilimsikia akiwaambia vijana kwa Kirundi kwamba yeye ndiye aliyesikia vibaya, wasimlaumu mtu. Walivua jezi moja moja, wakamrudishia, wakaondoka kwa mstari kuelekea soko kuu. Jumatatu nilichapa barua ya kuwafuta, na Jumatatu hiyo hiyo direkteri alinisainia karatasi yangu. Sisi tukaenda raundi iliyofuata, tukafungwa manne kwa sifuri na kolege ya kusini.

Mwezi ule ulipokwisha mwalimu alirudi. Timu ikifutwa, kadi za wachezaji lazima zirudi kwa kamati, kila kadi na picha ndogo ya mwenyewe imebandikwa pembeni. Aliziweka mezani zote kumi na saba. Nikachukua muhuri wa kufuta na kuanza kugonga, kwa haraka, maana sikutaka akae sana mbele yangu. Nilipofika ya mwisho ndipo alipopata nafasi ya kusema.

"Dada, naomba unirudishie kadi nne. Nilizichanganya na zingine."

Nikamuuliza za nini, timu si imefutwa.

"Bale bane balipanda mulimani Jumamosi moja, bote pamoja. Habakurudi. Wiki ilipita batu balituonesha pahali balibazika. Bamama zao banaomba picha. Habana ingine."

Nikatafuta nne hizo kwa majina aliyonitajia. Muhuri wangu ni mpana na ulikuwa na wino mwingi siku ile, wala sikuwa nimeangalia naugonga wapi. Kwenye mbili ulikuwa umepita juu ya macho. Ya tatu mdomo hauonekani. Ya nne uso wote. Mwalimu alijaribu kuifuta hiyo kwa kidole gumba kilicholowa mate, taratibu, ukachafuka zaidi, akaacha.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli wa ile saa tisa. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, na alikuwa akinitazama kama mtu anayengoja kuambiwa kitu. Nikamsogezea daftari na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi, kwamba amechukua kadi nne, na zote ziko katika hali nzuri.